Bustani katika Nyumba Isiyo Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tanga)



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya bustani za nyumbani, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Sisi si mabwana shamba. Kazi yetu ni kalamu na majalada, kama ilivyo kazi ya wengi mnaotusikiliza. Lakini tumelima nyuma ya nyumba za Serikali katika vituo kadha wa kadha, na yale tuliyoyaona huko, pamoja na yale tuliyojifunza kwa wataalamu, ndiyo tutakayoyaleta mbele yenu.

Neno letu ni moja, nalo twataka lijulikane tangu mwanzo. Karani hapandi kwa sababu nyumba si yake. Ukimwuliza kwa nini ua wake ni mweupe kama uwanja wa mpira, atakujibu: "Nipande mpapai, kisha barua ya uhamisho ije, ale mwingine?" Sisi twasema kwamba jawabu hilo, ingawa lina sura ya akili, ndilo linalotunyima mboga wakati wote wa utumishi wetu. Twataka kuonyesha kwamba mtu anayeishi katika nyumba isiyo yake ana sababu ya kupanda, ana vitu vya kupanda vinavyolingana na muda wake, na ana njia ya kuiacha bustani kwa heshima siku ya kuondoka.

Katika mkutano huu hatuna haja ya kueleza tarehe 20 ya mwezi ilivyo. Kila mwenye mshahara aijua. Mfuko umekwisha kuwa mwepesi, daftari la deni dukani limeongezeka kurasa, na mama watoto humtuma mtoto sokoni na senti chache akanunue fungu la mchicha uliokwisha kunyauka. Kinachopungua kwanza katika chakula cha nyumba ya karani si ugali wala wali, bali ni mboga na matunda. Na hayo ndiyo yenye vitamini ambazo mtoto hawezi kukua vema pasipo nazo. Vitamini A ikikosekana, macho ya mtoto huharibika na mwili wake hukosa nguvu za kushindana na maradhi. Nayo hupatikana katika majani mabichi yenye rangi iliyokoza, katika papai lililoiva, na katika viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo huitwa viazi lishe. Mwaka 2016 wataalamu watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa ajili ya kazi yao juu ya viazi hivyo, na mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu. Basi tusidhani kwamba tuta la viazi nyuma ya jiko ni jambo dogo lisilostahili kutajwa mbele ya watu wenye elimu.

Wapo wenzetu waonao haya kushika jembe. Husema kwamba hawakusoma miaka yote ile ili warudi katika udongo. Kwao tuna mfano mmoja. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliwahimiza watu wake kulima chakula nyumbani, na makarani, waalimu na mawakili wa London wakashika majembe. Bustani za maua ziligeuzwa kuwa za viazi na kabichi, na hata handaki linalozunguka ngome ya zamani ya Tower of London lililimwa mboga. Ardhi ile haikuwa mali yao. Walilima katika viwanja vya umma, wakijua kwamba siku moja vitarudi kuwa viwanja. Hakuna aliyewadharau kwa ajili hiyo. Na wazee wetu walikwisha kutuambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi watumishi ni wageni wa kila kituo, na siku ya tatu imepita zamani.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kujua muda wa kila mmea. Karani hupanga majalada yake kwa makundi matatu: ya leo, ya mwaka huu, na ya kudumu. Mimea nayo ipangwe vivyo hivyo.

Kundi la kwanza ni mimea ya majuma. Mchicha, ukipandwa katika udongo wenye samadi, huweza kung'olewa baada ya majuma 3 hadi 4. Nao ukikatwa badala ya kung'olewa, huchipua tena. Kunde huanza kutoa majani ya mboga katika muda kama huo, kisha huzaa maganda. Matembele hupatikana kwa kupanda vipande vya marando ya viazi vitamu, kila kimoja urefu wa sentimeta 30 hivi, sehemu mbili katika tatu zikiwa ndani ya udongo. Baada ya majuma machache majani yaweza kuanza kuchumwa kidogo kidogo, pasipo kuudhoofisha mmea. Bamia huanza kuzaa baada ya miezi 2 hivi, nayo ichumwe kila siku ya pili au ya tatu, maana ikiachwa hukauka na kuwa ngumu, na mti wake huacha kuzaa. Hata mtu aliyekwisha kuambiwa kwa siri kwamba atahamishwa mwezi wa tatu ujao, kundi hili halimkatazi kitu.

Kundi la pili ni mimea ya miezi hata mwaka. Nyanya huhitaji miezi 2 na nusu hadi 3 tangu kupandikizwa. Bilinganya na nyanya chungu hukaribia muda huo, lakini huendelea kuzaa kwa miezi mingi zikitunzwa. Mpapai huanza kutoa matunda ya kuliwa baada ya miezi 9 hadi 12. Hapa tuwape siri inayowapita wengi: mipapai mingine ni dume, haina matunda, nayo haijulikani ikiwa michanga. Kwa hiyo pandeni miche 3 au 4 katika shimo moja, ngojeni maua, kisha ng'oeni ile midume na kuacha mmoja uzaao. Mpapai dume hujulikana kwa maua madogo yanayoning'inia katika vikonyo virefu, hali mpapai jike hutoa maua makubwa yaliyoshikamana na shina. Mahali penye mipapai mingi huachwa dume mmoja au wawili kwa ajili ya chavuo.

Mgomba nao huzaa baada ya miezi 9 hadi 15 kwa kadiri ya aina yake na maji unayopata. Kosa linaloonekana katika nyumba nyingi ni kuacha machipukizi yote yakue, hata shina likawa kichaka kisichotoa ila vindizi vyembamba. Shina moja liwe na watatu tu: mama anayezaa, mtoto anayemfuata, na mjukuu aliyeanza kuchungulia. Wengine waondolewe mapema, wapandwe pengine au wapewe jirani. Shina na shina yaachane meta 3.

Kundi la tatu ni miti ya miaka. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4, na ule wa kokwa hukawia zaidi. Mnazi mrefu wa pwani yetu huchukua miaka 6 au zaidi. Hii ndiyo miti ambayo karani huiogopa, nasi tutairudia mwisho. Kwa sasa twasema mambo mawili tu. Kwanza, aombe ruhusa kwa msimamizi wa nyumba au kwa mwenye nyumba kabla ya kupanda mti wa kudumu. Pili, asipande mwembe karibu na ukuta, mfereji wa maji machafu au tangi. Auweke mbali, meta 10 ikiwezekana.

Pamoja na hayo upo mti mmoja ulio katikati ya makundi, nao ni mlonge. Huota kwa mbegu au kwa kipande cha tawi, na majani yake ni mboga njema. Ukikatwa kilele ungali mfupi, hutoa matawi mengi ambayo mama huyafikia bila ngazi.

Jambo la pili ni udongo na maji. Udongo wa pwani yetu mahali pengi ni mchanga, haushiki maji wala chakula cha mimea. Dawa yake ni mboji. Chimbeni shimo la meta 1 kila upande, mtie majani makavu, kisha takataka mbichi za jikoni na majani mabichi, kisha samadi kidogo na udongo, tabaka juu ya tabaka, na majivu machache kati yake. Nyunyizeni maji mpaka liwe na unyevu, mfunike kwa makuti, na baada ya majuma 3 mlipindue. Katika miezi 3 hivi mtapata udongo mweusi usio na harufu mbaya. Nyama, mifupa na mimea yenye ugonjwa visitiwe humo. Mbolea ya kuku ni kali. Isitumiwe mbichi, maana huunguza miche, bali iachwe ioze kwanza.

Matuta yawe na upana wa meta 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Mahali pa mchanga na penye ukame, tuta liwe chini kidogo kuliko njia, ili maji yasikimbie. Mahali pa mfinyanzi panapotuama maji, tuta liinuliwe. Juu ya tuta tandazeni majani makavu: hayo huzuia jua lisinyonye maji, na yakioza huwa mbolea. Mwagilieni asubuhi mapema au jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yafaa sana. Maji ya kuogea yafaa pia yakimwagwa penye shina la mgomba au mpapai, wala si juu ya majani ya mchicha; lakini maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumiwe kabisa.

Bustani isiwe sababu ya maradhi. Maji yaliyotuama katika makopo, magurudumu mabovu na mitungi isiyofunikwa huzaa mbu, na yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda wa juma 1 au zaidi kidogo. Mwaka 2019 homa ya dengi ilienea Dar es Salaam na hapa Tanga, nayo huletwa na mbu wapendao vyombo vya namna hii. Basi kila Jumamosi vyombo vyote vimwagwe na kusuguliwa, na pipa la maji lifunikwe.

Jambo la tatu ni wadudu waharibifu. Hapa twawaomba radhi kwa urefu wa maneno, maana ndipo bustani nyingi zinapokatiwa tamaa.

Sota ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayekata mche usiku karibu na ardhi. Asubuhi ukiuona mche umelala chini kama uliokatwa kwa kisu, fukua udongo kando yake kwa kidole. Mara nyingi utamkuta amejikunja. Mche mchanga uvikwe pete ya karatasi ngumu au ya ganda la mgomba, iliyoshuka kidogo ndani ya udongo, naye hatapita.

Vidukari ni wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani machanga ya kunde, bamia na kabichi, wakinyonya maji ya mmea. Ukiona sisimizi wengi wakipanda na kushuka, tazama chini ya majani, maana sisimizi hupenda utamu wanaoutoa vidukari na huwalinda kwa ajili yake. Chukua sabuni ya kufulia kiasi cha kijiko 1 kwa lita 1 ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, na urudie baada ya siku 5 hadi 7. Wala usimwue yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye gamba jekundu na madoa meusi. Yeye na watoto wake hula vidukari, nao ni watumishi wasiodai mshahara.

Kantangaze ni adui mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 akaonekana Tanzania. Ni nondo mdogo wa kijivu, na viwavi wake hutoboa njia ndani ya jani la nyanya mpaka jani huonekana kama limechorwa kwa chokaa, kisha huingia katika tunda. Viwavi hawa wamezoea sumu nyingi, na kwa kuwa hukaa ndani ya jani, sumu huwakosa. Kwa bustani ya nyumbani iliyo ndogo, mkono ni bora kuliko bomba: kila siku mbili kagueni majani, yachumeni yenye michoro, myateketeze kwa moto au kuyafukia chini sana. Mavuno yakiisha, ng'oeni mashina yote ya nyanya, wala msiyaache yakauke tutani. Wala msipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo mahali pale pale mara ya pili mfululizo, maana ni jamaa moja. Wekeni mchicha au kunde kati yao.

Viwavijeshi vamizi nao ni wageni. Walionekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakawa wamefika kwetu. Hujulikana kwa alama nyeupe usoni iliyo kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na madoa 4 meusi karibu na mkia. Hukaa ndani ya moyo wa mhindi na kuutafuna. Mwenye mistari michache ya mahindi uani asikimbilie sumu: apite kila asubuhi, asagesage mafungu ya mayai kwa vidole, na kutia mchanga au majivu kidogo katika moyo wa mhindi ulioshambuliwa.

Nzi wa matunda waliotoka Asia walionekana Kenya mwaka 2003, na sasa wameenea. Hutaga mayai ndani ya embe, na tunda huoza kutoka ndani hali nje ni zima. Embe lililoanguka lisiachwe chini hata siku moja, maana funza hutoka ndani yake na kuingia ardhini ili wageuke nzi. Likusanywe, lifungwe katika mfuko mweusi na kuanikwa juani, au lifukiwe chini kabisa, nusu meta au zaidi.

Mwarobaini ulio mlangoni ni duka la dawa. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka katika lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, na unyunyize jioni, kwa kuwa nguvu zake huharibiwa na jua. Hauui papo hapo kama sumu za dukani, bali huwakinaisha wadudu na kuwazuia wasikue. Mboga zioshwe vema kabla ya kupikwa.

Kuhusu sumu za dukani, twasema kwa uzito wote. Zipo nyumba ambamo sumu ya wadudu hununuliwa kwa kupimiwa, ikatiwa katika chupa ya soda isiyo na maandishi na kuwekwa chini ya kitanda. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Mwenye kulazimika kununua sumu anunue yenye chombo chake na maandishi yake, asome kipimo, ahesabu siku zilizoandikwa za kungoja kabla ya kuchuma, na kuifungia juu mahali pasipofikiwa. Sisi kazi yetu ni kusoma maandishi ya wengine kutwa. Haifai tushindwe kusoma maandishi yanayolinda watoto wetu.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twarudi kwa yule ndugu aliyeuliza: "Ale mwingine?" Tumjibu kwa habari ya mahali palipo karibu nasi kabisa.

Wote tunaujua muhogo unaokunjamana majani na kuwa na mabaka ya manjano. Ugonjwa huo huitwa batobato, nao huchukuliwa na nzi weupe wadogo na kwa kupanda vipande vya shina lenye ugonjwa. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Warburg aliandika habari zake mwaka 1894, kutoka huku huku Usambara. Katika miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, hapo milimani juu ya Muheza, Bwana Storey na baadaye Bwana Nichols walianza kuuchanganya muhogo wa kuliwa na jamaa zake wa mwituni, mmojawapo ukiwa ule mti wa mpira unaofanana na muhogo. Kazi hiyo huenda polepole sana, kizazi baada ya kizazi cha mimea. Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Huko ulipatikana mmea ulioshindana na ugonjwa, na kutoka katika uzao wake wataalamu wa Ibadan walifanya aina mpya katika miaka ya 1970. Kisha, katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda, aina zenye asili hiyo zilikuwa miongoni mwa zilizorudisha chakula mashambani.

Tazameni basi. Aliyepanda Amani hakuvuna Uganda, na mkulima wa Uganda hakumjua aliyepanda Amani. Lakini kazi haikupotea, na sababu moja iliyoiokoa yafaa ipendwe na sisi makarani: iliandikwa. Kila mmea ulikuwa na namba yake na nasaba yake, na aliyekuja nyuma aliweza kuendelea pale mwenzake alipoachia. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasemavyo wazee.

(Na kwa kuwa tumetaja muhogo, tukumbushe akina baba wanaopika wakiwa peke yao kituoni: kisamvu kina sumu kikiwa kibichi. Kitwangwe na kuchemshwa sana, wala kisiliwe kwa haraka.)

Nasi je? Twajua kukabidhiana ofisi. Karani anayehamishwa huhesabu majalada, huandika yaliyosalia, hutia sahihi, na mwingine hutia sahihi chini yake. Lakini nyumbani mambo ni mengine. Tumeona nyumba ambayo mwenye kuhama alikata migomba 6 yenye mikungu michanga asubuhi ya safari, ili mgeni asiile. Tumeona na mgeni aliyefyeka matembele yote siku ya kwanza, akidhani ni magugu, kisha jioni akatuma mtoto sokoni kununua matembele. Wote wawili ni watu wenye vyeti. Watoto wa yule wa kwanza hawakushiba kwa migomba iliyokatwa, na watoto wa yule wa pili walikosa mboga kwa muda wa mwezi mzima.

Fanyeni hesabu. Mwembe wa kubebesha wahitaji miaka 4. Ikiwa kila mtu hukaa kituoni miaka 3, na kila mtu apanda kwa ajili yake mwenyewe tu, basi katika miaka 30 watumishi 10 watapita katika nyumba ile, wala hapana hata mmoja atakayekula embe. Lakini wa kwanza akipanda na kuuacha, basi 9 waliosalia watakula, na yeye mwenyewe atakula katika nyumba aendako, ikiwa huko nako wapo waliopanda. Hasara ni ya miaka michache, na faida ni ya watu wengi.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu maombi manne, tukitumaini kwamba yatajadiliwa.

La kwanza: kila mwanachama aliye na ua awe na daftari la bustani. Iandikwe humo kila kilichopandwa na tarehe yake, mbegu au miche ilikotoka, tuta lililopata ugonjwa na jina la ugonjwa, na mwezi ambao kila mti watazamiwa kuzaa. Daftari hilo libaki katika nyumba, na mama wa nyumba aulizwe kabla ya kuandikwa, maana mara nyingi yeye ndiye aijuaye bustani kuliko mwenye daftari.

La pili: mwenye kuhama achukue mavuno yaliyokomaa, mbegu, marando na machipukizi kadiri apendavyo, lakini asikate wala asing'oe mama wa mimea.

La tatu: mwenye kuingia asifyeke kitu kwa siku 30 za kwanza mpaka asome daftari, au awaulize majirani.

La nne: kila tawi liwe na kitalu kidogo cha miche ya mipapai, milonge na mbegu za mboga, ili mgeni afikapo apewe mkononi, kama tunavyompa chai.

Mtu ataweza kusema: "Mwenye kuingia huenda ni mvivu, na kazi yangu itakauka." Yawezekana, wala hatuwezi kuahidi kwamba kila mtu atafuata maneno haya. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 1922, katika mji huu huu wa Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Walitoka pande mbalimbali za nchi na nje yake, Waislamu kwa Wakristo, na kila mmoja wao angeweza kuhamishwa kesho. Wao nao wangeweza kusema kwamba hapana faida ya kujenga katika mji usio wao. Hawakusema hivyo, na sisi tulioketi katika viti hivi tungali tunakula katika mti wao.

Mvua za vuli hutazamiwa kuanzia mwezi wa Oktoba. Mashimo ya mipapai na migomba yafaa yachimbwe majuma kadhaa kabla ya hapo, yatiwe mboji, na kungojea. Tungependa mkutano ujao kila mwanachama aje na daftari lake, hata likiwa na mstari mmoja tu, nasi tutakuja na letu likaguliwe na wengine.

 Tuko tayari kujibu maswali.